Madam na mshambuliaji wa Italia

Madam wangu, ninayemfanyia kazi za nyumbani, leo alikaribia kulia kwa sababu ya mchezaji wa mpira.

Klabu ya wanawake ya Italia anayoishabikia ilikuwa ikicheza mechi ya Ulaya kwenye televisheni. Mtangazaji akasema mshambuliaji wao anauzwa Ufaransa.

"Wanamuuza kama mbuzi!"

Nikamtuliza: mchezaji hauzwi mpaka mwenyewe akubali na kutia sahihi.

"Alhamdulillah," akasema, akanyoosha kikombe nimwongezee chai. "Wewe Jumapili unaondoka Riyadh. Unahamia kwa dada yangu, Jeddah."

"Madam, nani ameniuliza?"

"Nikuulize nini? Mimi ndiye kafili wako, mdhamini wako wa kazi hapa. Halas, imekwisha. Yalla, panga nguo."

Huruma yake yote ilikuwa imeishia kwenye televisheni.

Nilimwacha na kikombe chake kitupu.

Dada zangu mliowahi kukataa kuhamishwa, mlifanyaje?

Mimi nguo sijapanga.