Fahali Mwenye Masikio Mazima

Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuitafuta tena. Nilikuja Kililana kutoka bara na mtamba mmoja na panga, na leo nikisimama mlangoni pa zizi langu asubuhi siuoni mwisho wa migongo. Wenye diploma za mifugo huja kuniuliza mambo. Huwa nawaacha wasimame juani kidogo kwanza.

Watu wakinisema huanza na habari ya sikio. Basi nitaieleza mwenyewe, maana nilikuwepo na kisu kilikuwa changu.

Bandari ilipokuwa ikijengwa alikuja mnunuzi kutoka mjini, kavaa viatu vyeupe kwenye tope letu. Alisema meli zitapakia ng'ombe hai kwenda Arabuni, na atachukua zizi zima, mradi kila mnyama awe na alama ya mwenyewe inayoonekana kwa mbali. Majirani walikaa kufikiri. Mimi nilinoa kisu. Kila ng'ombe wangu nilimkata ncha ya sikio la kushoto, kipande kama kiganja cha mtoto, na damu ikanirukia mpaka kwenye meno.

Mmoja tu sikumkata, kwa kuwa hakuwa wangu. Mchungaji wangu alikuwa mtu wa Pate, mwanamume mzima mwenye ndevu zake. Nilikuwa nimemlipa ndama dume badala ya mshahara, na yule ndama alikuwa amekua fahali mwekundu, nundu kama mto wa kulalia. Nilipomfikia, mchungaji akasimama katikati.

"Huyu siye, Bwana. Huyu ni kilemba."

"Kilemba? Huyu ana pembe, atakivaa vipi?"

Hakucheka. Akanieleza kwamba amechumbia kwao Pate, na baba wa msichana hataki pesa za kilemba. Anataka fahali wa kuchinja Idi. Kutinda, alisema yeye, ndivyo wasemavyo huko. Mzima, kuanzia kwato mpaka masikio.

"Na usipompeleka?"

"Atampa mwengine. Yuko mtu Shela, afanya kazi hotelini, yuwangoja tu."

Nikamwacha na fahali wake, nikaenda kwa ng'ombe mwingine.

Yule wa viatu vyeupe hakurudi. Meli zilikuja, lakini za makontena. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikaacha hata kuita. Malori ya Mombasa, yaliyokuwa yakinunua kwangu zamani, nayo yalikuwa yameshazoea kununua kwingine. Sikutetereka, mimi si mtu wa kutetereka. Idi ilikuwa inakaribia na visiwani wananunua. Nikapakia madume yangu bora kwenye boti, mimi na mchungaji, tukashuka gati ya Mtangawanda, kisiwani Pate.

Wanaume walikusanyika. Mzee mmoja wa kofia akamshika dume wangu wa kwanza sikio, akalinyanyua.

"Kipande chengine kiko wapi, Bwana?"

"Nilikata. Ni alama."

"Ukala?"

Gati zima likacheka.

"Huyu hatindwi Idi," akasema mzee. "Mnyama wa kutindwa hapungui kitu. Mpeleke buchari." Akaenda kwa wa pili, akanyanyua, akaachia. Wa tatu hakumgusa. "Wakate na la pili, Bwana, angalau wawe sawasawa."

Kisha akamgeukia mchungaji wangu, aliyekuwa ameshika kamba na kuinamisha uso. "Na wako, mwanangu? Masikio anayo?"

"Yote mawili, Baba."

"Alhamdulillahi. Mlete kabla ya Idi."

Hivyo ndivyo nilivyomjua baba wa yule msichana. Nilirudi Kililana na ng'ombe wale wale, na njia nzima nahodha alikuwa akiyatazama masikio yao na kuuma midomo.

Baada ya hapo wakatuingia mbung'o. Vichaka vilikuwa vimefyekwa kwa ajili ya bandari, na wale nzi wakahamia kwetu na maradhi yao. Ng'ombe wakakonda wakila, manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi, majike wakatupa mimba. Kila mnyama alitaka kunyunyiziwa dawa na kudungwa sindano, na wachungaji wengine wote walikuwa wameshakimbilia kubeba saruji bandarini. Alibaki yule wa Pate peke yake. Na katikati ya ng'ombe wangu wagonjwa, wenye masikio nusu, akatembea yule fahali mwekundu, ananing'iniza yake mawili.

Nikamwambia mchungaji, "Subiri mpaka hawa wapone, ndipo uende ukaoe."

"Idi haingoji, Bwana. Na nikioa sirudi, Baba mkwe amenipa shamba la minazi."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kuteka maji. Nikamfunga fahali kwenye nguzo, nikampa chumvi kiganjani. Alikuwa angali analamba nilipomkata sikio. Alitikisa kichwa mara moja, kisha akarudi kuitafuta chumvi.

Mchungaji alirudi na madumu mawili. Akayaweka chini bila kumwaga. Akatazama fahali, akatazama lile pande la sikio chini, nzi wameshalifikia.

"Ungenikata mimi, Bwana," akasema. "Mimi ningeoa na sikio moya."

"Anayelala zizini mwangu ana alama yangu. Chukua sindano, yule mweusi hajadungwa."

Akachukua. Angekwenda wapi? Idi ikapita. Habari za harusi alituletea nahodha: msichana amechukuliwa na yule wa hotelini. Mchungaji alikuwa anamshika ng'ombe puani wakati huo, na hakumwachia. Ng'ombe wangu wengi walipona. Majirani zangu walizika ng'ombe wao kwenye shimo lililochimbwa na trekta. Wananiita katili, na wanatuma watoto wao kununua maziwa kwangu.

Fahali mwekundu nilimfanya dume la zizi. Sikio la kukatwa halirithiwi, nalo hilo sikulisoma popote. Ndama wake wote huzaliwa wazima, na siku hizi alama naichoma pajani. Ndama ni wa mwenye jike, kwa hiyo ni wangu. Mchungaji hajawahi kuuliza. Kila anapozaliwa mmoja humpangusa ute, akampapasa masikio, la kushoto kwanza, kisha akaenda zake.

Mwaka huu tulishuka tena Mtangawanda na dume mmoja wa kuuza Idi. Yule mzee sasa anatembelea fimbo. Alimnyanyua dume masikio yote mawili, akamfungua kinywa, akamzunguka.

"Huyu ndiye. Babake ni yupi?"

"Fahali wa huyu hapa," nikasema, nikimwonyesha aliyeshika kamba.

Mzee akamgeukia mchungaji. "Wajua kufuga, mwanangu. Ungaliniletea mfano wa huyu siku ile, yeo ungekuwa kwangu."

Mchungaji alikuwa ameiachia kamba ilegee, inaburuta kwenye ngazi za gati zenye utelezi. Nikamwambia aikaze, mnyama asije akaanguka akavunjika mguu. Kilema hatindwi.