Jaribio la Lifti ya Mzee Jayanti

Saa nne na dakika kumi asubuhi, katika ghorofa la Mzee Jayanti pale Mchafukoge, nilichomoa fyuzi moja kwa makusudi.

Mota ya lifti yake inatumia fezi tatu, yaani njia tatu za umeme, kila moja na fyuzi yake. Moja ikikatika, mota hung'ang'ana na mbili zilizobaki mpaka inaungua, na mota ya kwanza ilishaungua hivyo. Nilikuwa nimefunga kifaa kinachokata umeme wote fezi ikipotea, halafu kinasubiri dakika tano kabla ya kuurudisha. Kikifanya kazi, ningepewa kazi ya jengo lake la pili pia. Mzee alinipigia simu nimsubiri chini, anakuja kushuhudia jaribio.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nikaona heri nifanye jaribio kwanza bila yeye.

Kifaa kikakata. Lifti ikasimama. Nikamgeukia Athumani, mlinzi wa jengo, kama mwalimu wa chuo ambako sikuwahi kusoma.

"Umeona? Mota iko salama kabisa!"

"Na mzee je, kaka?"

"Mzee anakuja."

"Najua anakuja. Si ndiyo anakuja na hiyo lifti?"

Sauti ikashuka kutoka juu: "Fundi! Mota salama, nimesikia. Mimi je?"

Nikairudisha fyuzi. "Shikamoo, mzee. Kifaa kinataka dakika tano."

"Marahaba. Basi kinafanya kazi, jengo la pili chukua. Ila kila dakika nakata elfu mbili kwenye malipo yako."

Zikakatwa shilingi elfu kumi kamili.