Nilipima sukari Songea, watu wakaanza kuniaga

Wakuu, habari za mahangaiko. Hiki ni kisa changu mwenyewe, na mama watoto amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika. Hata nikitaka kutia chumvi sipati nafasi.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeachiwa huru, kila mwenye vihela anafungua duka. Mimi nilikuwa na langu la jumla pale Majengo. Sukari, sabuni, soda.

Vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni utotoni sasa vimejaa stoo kwangu! Nikajilipizia. Soda asubuhi, soda mchana, jioni komoni, pombe yetu ya kienyeji, ya kujipongeza.

Kitambi kikaja. Na enzi hizo kitambi ni heshima, wakuu. Mama mkwe alikuwa anakitambulisha kanisani kama vile amekishona yeye.

Tatizo ni kwamba mama yangu mzazi alikufa kwa kisukari, na kaka yangu mkubwa tayari alikuwa nacho. Mke wangu akanibana.

"Baba Debora, nenda kapime."

"Siumwi mimi."

"Ndiyo uende sasa, wakati bado unajipeleka mwenyewe. Mimi sitaki kuvaa nguo nyeusi na hizi za rangi sijazimaliza."

Nikaenda hospitali bila kula, wakachukua damu. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia, "Baba, kisukari bado hujapata, ila sukari yako imeshapanda kupita kawaida. Uko mlangoni. Geuka urudi."

Siku hizi ndiyo mnaita prediabetes. Nikaomba vidonge, akasema nipunguze soda, pombe na ugali, halafu nitembee kwa miguu. Niliona kama kanihukumu.

Narudi dukani, jirani yangu muuza mitumba akaniuliza nilikuwa wapi.

"Nilienda kupima."

"He! Na majibu?"

"Si mazuri sana, ila wamenipa matumaini."

Vijana hapa hamtaelewa. Miaka ile ukisema umepima, hakuna aliyekuuliza umepima nini. Watu walijua kipimo kimoja tu, cha UKIMWI. Na mimi nikaendelea kuuza sabuni sina habari.

Nikashika masharti. Pikipiki naiacha nyumbani Lizaboni, natembea mpaka Majengo. Suruali zikaanza kunitoroka kiunoni. Mimi nafurahi napona, mtaa unahesabu mbavu.

Kilabuni nikatengewa kikombe cha peke yangu. Nikadhani ni heshima ya tajiri!

Paroko naye akaja nyumbani bila taarifa, akasema amepita tu. Akasali sala ndefu ya wagonjwa, akanishika bega, akaondoka. Mke wangu akasema labda kakosea nyumba.

Kisha mama mkwe akaingia kutoka Mbinga na kuku chini ya kwapa. Akasonga ugali wa kuziba mlango. Nilipomega kidogo na kusukuma sahani, akajifunika kanga usoni.

"Sasa hata chakula kimemkataa!"

Kabla sijajibu, hodi. Ni Bakari, rafiki yangu wa Nalasi, mnunuzi wa korosho, mwenye kitambi kuzidi changu cha zamani. Kaja na mfuko wa korosho na uso wa msibani.

"Ndugu yangu, nimesikia. Yote ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

"Umesikia nini?"

"Huo... ugonjwa wa kisasa."

Mke wangu ndiye aliyewahi kuelewa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Sukari! Bakari, mwenzako kapima sukari!"

Mama mkwe akafunua kanga. "Ya dukani?"

Tukacheka wote, kasoro Bakari. Akaniomba tutoke uani.

"Mimi sikuja kukuaga," akasema. "Nimekuja kukuuliza ulipata wapi moyo wa kupima. Nakunywa maji kama ng'ombe, kutwa naenda chooni, mwili unaniisha. Nimejua ndiyo huo ugonjwa. Mke wangu sijamwambia."

Nikamtazama vizuri. Kweli, kanzu ilikuwa inamwelea. Sote tulikuwa tunakitazama kitambi, hatukuona mabega yameisha.

"Mama yako si alikatwa mguu kwa kisukari?"

"Ndiyo."

"Basi kesho tunaenda wote. Upime vyote viwili."

Siku ya majibu nilikaa nje kwenye benchi. Mlango ukafunguliwa, Bakari akatoka mikono juu, korido nzima ikamsikia.

"Alhamdulillahi! Ni kisukari! Nina kisukari!"

Wagonjwa wakageuka. Nesi mmoja akauliza kama huyu baba aliambiwa kisukari ni nini. Nikamkumbatia palepale, wote wawili tunalia na kucheka.

Chake kilikuwa kimeshaingia kabisa, akaanza dawa. Mpaka leo yuko Nalasi anatembea kwa miguu yake miwili, na bado hajui kuongea kwa sauti ndogo.

Nilichojifunza: kama kwenu kuna kisukari na mwili umekuzidi, usisubiri kuumwa. Mimi sikuwa na dalili hata moja. Bakari alikuwa nazo zote, ila alikuwa ameshajipa ugonjwa mwingine akaukalia kimya kwa woga.

Humu ndani kuna nani anajificha na dalili zake kwa kuogopa jina la ugonjwa ambao hata hajapima? Hebu sema hapo chini, hatukucheki. Labda kidogo.