Saa Moja Iliyosogezwa Mbele

Nakumbuka siku lango la kijiji chetu lilipofungwa jua likiwa bado juu, mwanangu, na kosa likawa langu.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipopigana na wapiganaji wetu wa msituni, upande wa Runyenjes. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migunda yetu, mashamba ya wazazi wetu, tukarundikwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Hata hivyo nazikumbuka siku zile kwa hamu. Usinishangae, nilikuwa msichana. Wanawake tuliruhusiwa kwenda shambani, na saa kumi lango lilifungwa. Aliyebaki nje angeweza kupigwa risasi. Mimi nilikuwa na saa ya mkono ya kaka yangu aliyekuwa kizuizini, basi wenzangu wakanitegemea. Tulichimba viazi vitamu, tukaimba, tukataniana, hadi niseme, "Haya, twendeni."

Asubuhi moja nilitangulia langoni kuchukua kibali chetu. Nikakuta bwana mpya, mzungu aliyesimamia kijiji, ameamuru saa zote zisogezwe mbele kwa saa moja, eti tusipoteze mwanga wa jua. Mzee Ireri, jirani yetu, alikuwa akibishana na askari.

"Jua linatoka palepale lilipotoka babu yangu akiwa hai. Nani amelisogeza?"

Askari akacheka. "Mzee, jua ni lako. Lango ni letu."

Nilimuunga mkono Mzee Ireri moyoni. Saa ya kaka yangu sikuigusa. Wenzangu nao sikuwaambia kitu. Niliona kuitangaza amri ile ni kuikubali.

Tuliporudi karibu saa kumi kwa saa yangu, langoni ilikuwa karibu saa kumi na moja, na lango lilikuwa limefungwa kitambo. Rafiki yangu Ciarunji alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa mama mkwe wake, na tulimsikia mtoto akilia ng'ambo ya handaki. Maziwa yalimlowesha Ciarunji kifuani. Tuliketishwa chini, mikono kichwani, bunduki zikitutazama. Niliwaambia askari kosa ni langu, hakuna aliyenisikiliza. Tulipofunguliwa lango, kila mmoja alichapwa viboko, hata Ciarunji.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa akinyonyesha.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Ungeniambia, Wawira. Tungeicheka hiyo amri yao pamoja, halafu ningerudi mapema kwa mtoto wangu."

Kesho yake alikuja kuniita twende shambani, nami nikalia kuliko nilivyolilia viboko. Amri yenyewe ilifutwa baada ya miezi michache, bila maelezo.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mimi nilijifanya fahali, na nyasi ikawa mtoto mchanga. Siku hizi nawasikia mkibishana kuhusu mambo ya wakubwa, na mara nyingi haki iko upande wenu. Bisheni, mwanangu. Mzee Ireri alibisha, na hakumponza mtu. Lakini ukitaka kuipinga amri, ipinge kwa mgongo wako mwenyewe; na wale wanaokutegemea waambie ukweli wote, ili kila mmoja ajichagulie.

Mungu akupe ulimi usioogopa, na marafiki watakaokuja kukuita tena asubuhi baada ya kuwakosea.