Ndeshi na Wastani wa Shule

Siku yangu ya kwanza kuwa mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata alinikabidhi funguo za ofisi na maneno machache. Nilikuwa nimetoka kufundisha Sombetini, mjini, kwenye darasa lililojaa watoto mpaka dirishani, na huku Akheri, chini ya mlima, niliona migomba tu na baridi. Akaniambia shule hii inasifika kwa wastani wake, yaani alama za watoto wote zikijumlishwa na kugawanywa, na ole wangu nikiuangusha. Wageni, akasema, wapewe chai ofisini, wasaini kitabu, waende zao. Nikajibu ndiyo mzee. Siku ya kwanza unajibu nini kingine?

Wageni waliomnyima afisa raha hasa ni watetezi. Mtetezi ni mtu anayemsindikiza mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mpaka shuleni, kudai mtoto apewe haki yake ya kusoma. Sisi wakuu wa shule tulimwona kama mkaguzi asiye na gari. Ukisikia yuko getini, unamwambia mpishi akoleze moto. Chai ndiyo ilikuwa ngao yetu, jamani! Maandazi ya moto, habari za mvua, habari za kahawa, na mgeni akija kumaliza kikombe chake watoto wameshatawanyika kwenda nyumbani.

Bi Elinipa, mtetezi, alikuja akiwa na mama wa mwanafunzi wangu Ndeshi. Ndeshi alikuwa darasa la nne na ana mtindio wa ubongo: mikono haimtii, shingo inayumba, hasemi. Upimaji wa taifa wa darasa la nne ulikuwa unakaribia, na afisa alikuwa amemwambia mama, kwa upole tu, kwamba mtoto apumzike nyumbani mpaka upite. Sote tulijua maana yake. Mtoto kama yule akishapumzishwa, harudi tena. Mama mtu alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka.

Tulisalimiana, nikawakaribisha chai. Bi Elinipa akaliangalia lile birika.

"Asante mwalimu," akasema. "Nitakunywa nikishamwona mtoto akisoma."

Nilikasirika, sikufichi. Huyu ni nani wa kunipangia ratiba ndani ya ofisi yangu? Lakini uso wa yule mama ulinishinda. Nikanyanyuka, tukaenda darasani.

Bi Elinipa akakaa nyuma kabisa kipindi kizima. Baadaye hakuniuliza mimi chochote. Alimuuliza Mwalimu Nuru, mwalimu wa darasa, anamjuaje yule mtoto. Nuru akasema mikono ya Ndeshi haina mpango, ila macho anayapeleka anakotaka. Basi tuyape kazi hayo macho, akasema Bi Elinipa. Wakakubaliana na Ndeshi hapo hapo: dirisha la upande wa mlima ni ndiyo, dirisha la upande wa migomba ni hapana.

Nuru akauliza kama saba mara nane ni hamsini na nne. Macho yakaenda migombani. Je, hamsini na sita? Shingo ikayumba, ikahangaika, na macho yakavutwa polepole mpaka upande wa mlima. Mlima wenyewe siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu, hauonekani. Mtoto alikuwa amekaa mle miaka yote akijua hesabu, na sisi tukimpita!

Usidhani tangu hapo tulikuwa marafiki wa kushikana mikono. Bi Elinipa alitaka njia ya kiti cha magurudumu ijengwe mara moja. Mimi nikamwambia saruji haioti shambani. Akanisomea sheria, nikamwonyesha ngazi zilizobomoka. Tulibishana sana, ila tulipatana kwamba mabishano ni ya ofisini, mbele ya mtoto hapana. Nuru naye akachora herufi zote kwenye karatasi kubwa ya manila, mstari kwa mstari. Anagusa mstari, kisha herufi, na Ndeshi anakubali au kukataa kwa macho. Ilikuwa kazi ya kuchosha.

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe huku Makumira, na wakuu wa shule vijana huniuliza wafanyeje mtetezi akibisha hodi. Nawaambia mpelekeni darasani kwanza. Mpigieni simu kabla hajawapigia nyinyi. Yeye anamjua mzazi, wewe unaijua shule, na mtoto hawezi kungoja mpaka mmalize kununiana. Wakiniangalia kama bibi anayeota ndoto, nawasimulia siku aliyokuja afisa kulimaliza suala la Ndeshi.

Hatukumpeleka ofisini. Alisimama karibu na dawati la Ndeshi, akamuuliza Nuru, juu ya kichwa cha mtoto, kama huyu anaelewa chochote. Bi Elinipa akafungua mdomo; nikamgusa mkono, akangoja. Nuru akainama akamuuliza Ndeshi kama ana la kusema. Macho yakaenda mlimani.

Manila ikafunguliwa. Kidole cha Nuru kikashuka mstari kwa mstari. M. T. I. Afisa akaanza kuzitaja herufi kwa sauti ya chini, bila kuombwa, kila moja ilivyokuja, mpaka ya mwisho. Kisha akazisoma zote kwa pamoja: mtihani lini.

Yule mzee akachuchumaa, suti na yote, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Jumatano, mwanangu," akasema. "Uje mapema."