Nasadiki ya Bibi Kalunde

Umeme ukikatika hapa Majimoto, mashine za kukoboa zinanyamaza, na jirani yangu Mama Neema anatoa kinu chake. Du, du, du. Harufu ya pumba mpya inaniingilia mpaka kitandani. Wajukuu wanasema bibi kasinzia tena. Sijasinzia, jamani. Nasali na mtu ambaye nyie hamkumjua.

Bibi yangu, mzaa baba, aliitwa Kalunde. Baba yangu Deogratias ndiye aliyekuwa wa kwanza kubatizwa kwenye ukoo wetu. Alikufa mimi bado nabebwa mgongoni, akazikwa kwenye kiwanja cha kigango, kanisa letu dogo la kijijini, ndani ya uzio wa minyaa. Siku zile mle walilala wabatizwa tu. Wengine walizikwa nyuma ya nyumba zao. Bibi hakuwa na mambo mengi ya kumwomba Mungu, alitaka alazwe karibu na mwanawe. Nilipomuuliza kwa nini anakwenda mafundisho na meno yenyewe yameisha, alinijibu, "Mke mwenzangu, Deo anaogopa giza tangu mdogo."

Ili abatizwe ilibidi aiseme yote Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, mbele ya padri, kwa Kiswahili. Na Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni tu: shikamoo, punguza, haya kwa heri. Nyumbani tuliongea Kipimbwe. Katekista wetu, Mwalimu Klementi, mtu mwema mwenye sauti ya kukwaruza, alimrudia mstari mmoja asubuhi nzima, ukaingia sikio hili ukatokea lile. Mwisho akanikabidhi mimi, kwa sababu nilikuwa naijua yote.

Tulikuwa tukitwanga pamoja, yeye na mchi wake, mimi na wangu, kwa kupokezana kwenye kinu kimoja. Siku moja nikaanza kuisema Nasadiki kwa kufuata mchi. Mchi ukishuka, neno. Ukipanda, pumzi. Bibi akaidaka! Kabla mpunga wa mavuno yale haujaisha, alikuwa anaisema mwanzo mpaka mwisho, jasho linamtoka, hakosi hata neno. Ila alikuwa na ugomvi na Pilato, yule mtawala aliyemhukumu Yesu, anayetajwa mle ndani.

"Huyu naye kila siku lazima atajwe? Hana ndugu wa kumwombea yaishe?"

"Bibi, ndivyo ilivyo."

"Wangemtaja mama yangu, alikuwa mtu mzuri."

Kiangazi padri akaja. Alikuwa akija kwetu mara chache sana, kwa hiyo siku hiyo hata kuku walifungiwa. Waliotaka ubatizo wakapangwa mbele, nawaona mpaka leo: Skolastika, Filberti mwenye kengeza, Mama Anjelina na binti yake Veronika, mzee Kasonso, na mwisho kabisa Bibi. Wenzake wote wakapita. Padri akamgeukia. "Haya mama, Nasadiki."

Bibi akasimama, mikono mitupu. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Niliona vidole vyake vinajikunja, vinautafuta mchi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na watoto, na mtoto kufungua mdomo kanisani ilikuwa mwiko. Nikaanza kupiga sakafu kwa kisigino, du, du. Bibi akageuza kichwa, midomo ikaanza kucheza. Mwalimu Klementi akanikamata goti.

"Acha utundu, Paulina."

Nikaacha. Ningefanya nini? Padri akasema, kwa upole kabisa, "Mama ajitahidi, safari ijayo."

Njiani Skolastika alimtania. "Kalunde, Mungu kakusemesha ukamnunia?"

"Kanikuta sina kazi mkononi," Bibi akasema, wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Safari ijayo ingekuwa baada ya masika. Masika yale mto Kavuu ulifurika, na Bibi akashikwa na kifua. Mama akaenda mbio kumwita Mwalimu Klementi, aliyekuwa ng'ambo, akakuta daraja la magogo limeondoka. Alitusimulia baadaye jinsi alivyosimama ukingoni anapunga kanga, na Mwalimu upande wa pili anapunga kofia, maji yanavuma, hakuna anayemsikia mwenzake.

Mchana ule niliachwa peke yangu na Bibi. Akaniambia, "Twanga."

"Bibi, mpunga umeisha."

"Twanga hivyo hivyo."

Kwetu kinu kitupu hakitwangwi, ni mkosi. Lakini nilikivuta mpaka mlangoni, nikatwanga. Bibi akafumba macho, akaanza. Akaisema yote. Alipofika kwa Pilato alikunja uso kidogo, akampita. Alipomaliza akasema amina, kisha akaomba maji. Nikachota mtungini, nikamnyanyua kichwa, akanywa. Mengine yakamwagikia kwenye paji la uso na kifuani, nikayafuta upesi kwa kanga asije akapata baridi.

Mama aliporudi, Bibi alikuwa ameshakwenda. Nikawaambia wazee wa kigango kwamba ameisema yote, nimemsikia kwa masikio yangu. Wakanipapasa kichwa. Tukamzika nyuma ya nyumba.

Nilikuwa tayari mama wa watoto nilipokaa kwenye semina ya kanisa nikamsikia mwalimu akisema kwamba mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kumbatiza anayekufa. Maji kidogo na maneno machache yanatosha. Wenzangu wakaitikia, somo likaendelea. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Yale maji nilikuwa nayo. Nilikuwa nayafuta.

Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyekuwa amenifundisha. Akina mama wanaokuja kwangu kujifunza sala, hilo ndilo la kwanza ninalowaambia, hata kabla ya ishara ya msalaba, na wananishangaa. Asiyeweza kukariri nampa mchi. Uzio wa minyaa uling'olewa zamani, sasa tunazikwa wote mahali pamoja. Lakini Deo yuko kule, na mama yake yuko huku nyuma ya nyumba, na mimi sina nguvu ya kuwasogeza.

Basi Mama Neema akitwanga, naisema Nasadiki yote, polepole, kwa kufuata mchi wake. Nikifika amina nanyamaza, natega sikio, labda kuna mtu ataomba maji.