Guta la Mdogo Wangu na Safari ya Ukweni

Siku hizi kila redio ina mtu anayeuliza kama watengenezaji wetu wa magari wataweza kupambana na wa nje. Huwa naizima. Kiwanda kimoja nimekiona kikifa kwa macho yangu, na hakikuuawa na Mchina wala Mjapani.

Kilikuwa cha mdogo wangu, hapa Kamachumu. Najua neno kiwanda linawachekesha, hata sisi ndugu zake lilituchekesha. Kilikuwa banda la mabati na mashine ya kuchomelea. Humo alitengeneza yale magari ya mizigo ya magurudumu matatu tunayoyaita maguta: fremu ya vyuma vizito, bodi ya mbao, injini ya pikipiki. Ukoo mzima uling'ang'ania hiyo injini. "Injini si ya kwako," walimwambia, watu ambao hawajawahi kuunda hata kigoda. Pikapu zao za mtumba zilikuwa za kigeni kuanzia taa za mbele hadi kibandiko cha kioo cha nyuma, na hicho kibandiko hawakukibandua miaka nenda rudi, wasije wakaonekana wameshazoea gari.

Tangu afungue banda mdogo wangu aliuza maguta matatu. Ya kigeni yalikuwa yanafika Bukoba kwenye makasha, yanafungwa boliti, yanatoka yakiwa mekundu na yanang'aa. Mwenye yadi moja ya huko alimwita akafanye kazi ya kuyafunga. Alimjibu kwamba atafikiria.

Ndipo kitinda mimba wetu akapata mchumba Rubya. Baba alishafariki, kwa hiyo mimi kama mkubwa ndiye niliyepaswa kuongoza msafara wa kupeleka mzigo ukweni: mikungu ya ndizi, pombe ya rubisi, mbuzi, vitenge vya mama mkwe. Kwetu mzigo huo haupiti njiani kimya kimya. Watu hutoka majumbani wakahesabu mikungu, wakaangalia pia umebebwa na nini.

Mdogo wangu alinifuata shambani nikiwa nakata majani ya migomba yaliyokauka. "Kaka," alisema, "mzigo upande guta langu. Watu wa Rubya wakiliona linapanda milima na mikungu yote ile, nitapata oda. Nisipopata oda safari hii, nafunga banda na kwenda Bukoba." Nilimwambia hilo ni jambo dogo, nitaliweka mbele ya ukoo. Nilipenda sana kuweka mambo mbele ya ukoo, kwa sababu huko hakuna anayelaumiwa peke yake.

Ukoo ulikutana nyumbani kwangu. Tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki tukashiba, kisha tukaenda uani kulitazama guta. Sijawahi kusikia sifa nyingi kiasi kile. Baba mdogo alilizunguka akisema kijana ametutoa kimasomaso. Binamu yetu mmoja, mwenye shahada na tumbo lake, alitoa hotuba kuhusu uchumi wa viwanda. Tulipiga makofi. Mdogo wangu alisimama pembeni anajifuta mikono kwa kitambaa, anatabasamu, maskini, anadhani ameshashinda.

Tuliporudi ndani baba mdogo akasema, "Lakini wakwe watatuonaje?" Basi. Dakika tano hazikupita, tukakubaliana kukodi pikapu nyeupe ya mwalimu mmoja jirani. Mimi ndiye niliyefunga kikao. Nilimwambia mdogo wangu guta lake litapata siku yake, kwamba hii si siku ya majaribio. Yaani tulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa nilishika mimi.

Siku ya safari pikapu iliwashwa, na kifaa kilichokuwa pale mbele kwa dereva kikasema maneno ya Kijapani kwa sauti ya binti mwenye adabu. "Waitu, jamani, linasalimia," alisema shangazi, akaitikia marahaba. Njia nzima alikuwa na furaha. Mnaosubiri niseme gari liliharibika mlimani na guta likaja kutuokoa, poleni. Lilikwenda vizuri kabisa. Kitu cha kigeni kikiwa kizuri ni kizuri, sina ugomvi nacho.

Mdogo wangu alikuja nasi, amevaa koti, amekaa nyuma na mbuzi.

Rubya walitupokea kwa heshima. Tulipewa kahawa ya kutafuna, tukasalimiana, mzigo ukapokelewa. Baba mkwe ni mzee mpole, mkulima wa kahawa na ndizi, shamba lake liko mteremkoni. Alipomaliza kuutazama mzigo alinigeukia.

"Nasikia kwenu Kamachumu kuna mtu anaunda maguta," alisema. "La kwetu la Kichina limekatika fremu mara mbili kwenye mlima huu. Nilitaka nimwone. Ni mtu wenu?"

Mdogo wangu alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole. Lakini niliona vitenge, na pikapu nyeupe imesimama uani inatung'arishia jina, na nikaona aibu, sijui ya nini, ya banda, ya mabati, ya mikono yake yenye makovu ya cheche. Nikasema, "Hapana, mzee. Yupo fundi wa mageti tu. Watu wanakuza mambo."

Mzee akamtazama mdogo wangu, kwa bahati tu, kama mtu anayetafuta wa kumsaidia kuuliza.

"Ni kweli, mzee," mdogo wangu akasema. "Ni mageti."

Kisha akaendelea kutafuna kahawa yake.

Jumatatu alikwenda Bukoba. Nikipita pale yadi humkuta amevaa ovaroli yenye jina la kigeni mgongoni. Hunipa shikamoo, namwitikia, na sijawahi kuweza kusema zaidi ya habari za kazi. Binamu bado anahutubia kuhusu viwanda, na siku hizi ananiomba nitoe mfano.

Mwaka huu baba mkwe alishuka Bukoba akanunua guta jipya, jekundu, la kigeni. Mdogo wangu ndiye aliyemfungia boliti zote. Mzee akamshukuru, akamwambia ana mikono mizuri, angeweza hata kuunda la kwake.